Fitna ya Kiarabu na Fitina Yetu

Katika aya zinazosomwa mbele ya watu waliogombana huku kwetu pwani, sidhani kama iko inayoishinda ile ya Suratul Baqara, aya ya 191, isemayo kwamba fitna ni kali zaidi kuliko kuua. Utaisikia kwenye khutba ya Ijumaa, utaisikia kwenye nasaha za harusi, na utaisikia uani, kinamama wawili wakipatanishwa kwa sababu ya maneno yaliyotoka nyumba hii yakaingia nyumba ile. Msomaji huisoma kwa Kiarabu, kisha huifasiri papo hapo kwamba fitina ni mbaya kuliko kuua, na watu hutikisa vichwa kwa kukubali, maana kila mmoja wetu anamjua jirani ambaye angependa aya hiyo imfikie.

Nami nimeisoma hivyo miaka mingi. Nimeisoma mimbarini, nimeisoma barazani, na usiku mmoja niliisoma mahali ambapo ingekuwa kheri kwangu lau ulimi ungenikauka. Hayo nitayaeleza mbele. Kwanza tulitazame neno lenyewe. Na ili ndugu msomaji asichanganyikiwe, nitaandika fitna kila ninapokusudia neno la Kiarabu, na fitina kila ninapokusudia neno letu la Kiswahili. Yametoka tumbo moja, lakini kila moja limekwenda kuishi mji wake na limeshika tabia za mji huo.

Mabwana wa lugha ya Kiarabu wanakubaliana kwamba asili ya neno hili iko kwenye duka la sonara. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 wa Hijra (1004), katika kamusi yake ya asili za maneno, anasema herufi zake tatu, fa na ta na nun, zinaonesha kujaribiwa na kutahiniwa. Ar-Raghib Al-Isfahani, aliyekusanya maneno ya Qur'ani na kuyafafanua, anatupeleka karibu zaidi na moto: kufatini dhahabu ni kuitia motoni ili ubora wake upambanuke na ubovu wake. Nani kati yetu hajapata kukaa dukani kwa sonara akaliona hilo? Mama huleta bangili za bibi yake, naye anaapa kwamba ni dhahabu tupu. Sonara habishani naye. Huziweka katika kijungu cha udongo, hupuliza makaa, na moto ndio unaosema. Kilichokuwa dhahabu hubaki dhahabu, na kilichokuwa shaba hujulikana kuwa ni shaba. Moto haukuitia bangili ubaya usiokuwamo. Umeutoa nje uliokuwamo.

Ukilishika hilo, maana nyingine zote za fitna utaziona zikitoka humo moja baada ya moja. Wanavyuoni wa zamani waliona kazi hii ni kubwa hata wakaitungia vitabu mbali, vya kueleza neno moja la Qur'ani linavyobeba sura nyingi. Mmoja wa waliotangulia ni Muqatil bin Sulayman, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra (767). Na fitna ni katika maneno waliyoyapata kuwa na sura nyingi.

Maana iliyo karibu kabisa na moto wa sonara ni moto wenyewe. Katika Suratudh Dhariyat, aya ya 13 na ya 14, watu waliokuwa wakiifanyia mzaha Siku ya Malipo wanaambiwa kwamba siku hiyo watafatiniwa juu ya Moto, kisha wanaambiwa waionje fitna yao. Hapo fitna ni kuunguzwa na kuadhibiwa. Na katika Suratul Buruj, aya ya 10, wanatajwa waliowafatini Waumini wanaume na Waumini wanawake. Ni akina nani hao? Ni watu wa mahandaki, waliochimba mashimo wakayajaza moto, wakaketi pembezoni kutazama Waumini wakiungua. Sasa jaribu kuiweka fitina yetu hapo. Sema waliwafitini Waumini, kwa maana ya kupeleka maneno huku na huku. Aya yote itaanguka mikononi mwako.

Kisha ipo fitna kwa maana ya mtihani, nayo ndiyo iliyoenea zaidi. Mwanzo wa Suratul Ankabut watu wanaulizwa kama wanadhani wataachwa waseme tumeamini, basi, bila ya kutiwa katika fitna. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 35, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba anatujaribu kwa shari na kwa kheri pia, na yote mawili ameyaita fitna. Na hapa ndipo wengi wetu tunaposhtuka, kwa kuwa tumezoea kudhani fitna haiji ila katika sura ya ubaya. Afya ni fitna, cheo ni fitna, na duka likichangamka ni fitna. Nabii Musa (A.S.) anakumbushwa katika Sura Taha, aya ya 40, jinsi Mola wake alivyomfatini, na hapana Mwislamu atakayesema kwamba Mwenyezi Mungu alimfanyia Musa fitina.

Mali na watoto pia wameitwa fitna, katika Suratul Anfal aya ya 28 na katika Suratut Taghabun aya ya 15. Kuna Hadithi juu ya hii inayonipendeza sana. Mtume (S.A.W.) alikuwa mimbarini akikhutubu, wakaja wajukuu zake Hasan na Husein, wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa kama watoto wadogo wanavyofanya. Mtume akakata maneno, akateremka, akawabeba, akawaweka mbele yake, kisha akasema kuwa Mwenyezi Mungu amesema kweli, mali zenu na watoto wenu ni fitna. Aliwaona wakijikwaa, asiweze kuvumilia. Msomaji, tazama fitna hii ilivyofanyiwa. Haikufukuzwa msikitini, wala haikulaaniwa. Ilinyanyuliwa ikapakatwa. Basi wanaume wenzangu wanaopenda kuikariri Hadithi ile ya kwamba wanawake ni fitna kwa wanaume, tena wakaisema kwa sauti ya kumshtaki mtu, na wakumbuke kwamba jina hilo hilo wamepewa wanao, na majumba yao, na kwamba katika Suratul Furqan, aya ya 20, sote tumefanywa fitna sisi kwa sisi, kisha tukaulizwa kama tutasubiri.

Zipo sura nyingine ambazo nitazipita kwa haraka. Katika Suratul An'am, aya ya 23, wako wafasiri walioifahamu fitna kuwa ni jawabu au udhuru wa washirikina Siku ya Kiyama. Katika Suratul Qalam, aya ya 6, aliyefatiniwa ni mwenye wazimu. Katika Suratul Israa, aya ya 73, kufatini ni kumpotosha mtu na yale aliyoyashika. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 101, panapozungumzwa kupunguza Sala safarini, ni kushambuliwa na adui.

Je, hakuna mahali hata pamoja ambapo fitna ya Qur'ani inakaribiana na fitina yetu? Papo, na mwenye kutafuta haki hana budi kupataja. Katika Suratut Tawba, aya ya 47, wanaelezwa wanafiki ambao lau wangetoka pamoja na Waislamu wangepita mbio baina yao wakitaka kuwatia fitna, na wapo wanaowasikiliza. Mtu mbio, katikati ya watu, na masikio yanayomngoja: huyo ni mfitini wetu khasa. Kwa hiyo Waswahili hatukulizua neno letu kutoka hewani. Tulilipokea bahari nzima, tukateka kata moja.

Wala tusione ajabu kwamba neno lenye sura nyingi hivi linamtatiza mtu. Liliwafanya hata Masahaba waulizane. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwauliza waliokuwa naye ni nani anayehifadhi maneno ya Mtume juu ya fitna. Hudhayfa (R.A.) akasema ni yeye, akaanza kutaja fitna ya mtu katika ahali yake na mali yake na watoto wake na jirani yake, ambayo Sala na Saumu na sadaka huifuta. Sayyidna Umar akamwambia siyo hiyo anayoiulizia. Anaiulizia ile itakayopiga mawimbi kama ya bahari. Hudhayfa akamtuliza kwamba baina yake na hiyo upo mlango uliofungwa. Umar akauliza, mlango huo utafunguliwa au utavunjwa? Akajibiwa, utavunjwa. Na mlango ulikuwa ni Umar mwenyewe. Waarabu wawili hao, wenye lugha yao, neno ni lao na Mtume walikuwa naye, na bado mmoja alilazimika kumwambia mwenzake: sikusudii hiyo, nakusudia ile. Sisi tuliolipata neno hili kwa majahazi, tunalifasiri kwa pumzi moja.

Turudi sasa kwenye aya yetu. Katika sura hiyo hiyo ya Baqara neno hili linarudi mara ya pili na kuuawa, katika aya ya 217, na sababu ya kuteremka aya hiyo inajulikana. Mwaka wa 2 wa Hijra Mtume (S.A.W.) alimtuma Abdullah bin Jahsh na Muhajirina wachache mpaka Nakhla, baina ya Makka na Taif, kupeleleza khabari za Makuraishi. Ukapita msafara, wakaushambulia, akauawa Amr bin Al-Hadhrami, na siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Rajabu, mwezi mtukufu usiopiganwa vita. Makuraishi wakapiga kelele Arabuni kote: Muhammad ameuvunja mwezi mtukufu! Aya ikateremka kwa uadilifu wa ajabu. Haikusema kwamba Waislamu hawakukosea. Ilisema kupigana katika mwezi huo ni jambo kubwa. Kisha ikawageukia wenye kelele na kuwahesabia yao: kuwazuilia watu njia ya Mwenyezi Mungu, kumkufuru, kuwazuilia Msikiti Mtakatifu, na kuwatoa watu wake humo, hayo ni makubwa zaidi mbele yake, na fitna ni kubwa kuliko kuua.

Fitna ipi hiyo? Ni ya Bilal kulazwa juu ya mchanga wa jua kali na jiwe kifuani. Ni ya Sumayya, mama yake Ammar, aliyeuawa na Abu Jahli kwa sababu hakutaka kurudi nyuma. Ni ya Khabbab bin Al-Aratt, aliyekuwa mhunzi, mfua panga wa Makka, ambaye imesimuliwa kwamba walimlaza juu ya makaa, na miaka mingi baadaye, zama za Sayyidna Umar, alifunua mgongo akayaonesha makovu yake. Mhunzi akageuzwa yeye ndiye chuma. Abdullah, mwana wa Sayyidna Umar, alipoulizwa khabari za fitna hii, alieleza, na maelezo yake yamo katika Bukhari, kwamba Waislamu walipokuwa wachache mtu alikuwa akifatiniwa katika dini yake, ama wamuue ama wamtese, mpaka Uislamu ulipokuwa na watu wengi ndipo fitna ile ikaondoka. Na Imamu Tabari anamnukuu Mujahid kwamba Muumini kurudishwa kwenye masanamu ni kuzito kwake zaidi ya kuuawa. Basi maana ya aya imesimama: kumtesa mtu mpaka aiache haki aliyoijua ni kukubwa kuliko kumuua, kwa sababu aliyeuawa amekufa na imani yake, na huyu wanataka abaki hai bila ya kitu hicho.

Mimi haya nilikuwa nikiyasoma katika tafsiri tangu ujanani. Lakini kuna kusoma na kuna kusikia. Nilikuja kuyasikia siku moja nikiwa nasomesha darasa la wasichana, nimefika katika aya ya 217, nimeeleza khabari za Bilal na Sumayya, kisha kwa mazoea nikamalizia kwamba ndiyo maana fitina ni mbaya kuliko kuua, jihadharini na kusengenya. Msichana mmoja, hata miaka kumi na minne hajatimiza, akanyanyua mkono. "Maalim," akasema, "Sumayya nani alimpelekea maneno?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Maneno husafiri, na yakifika hubadilisha nguo. Ajal kwa Mwarabu ni muda uliowekwa, siku ya mtu ya kufa. Kwetu ajali ni gari kupinduka. Hasra kwao ni majuto. Kwetu hasira ni kughadhibika. Hadithi kwao ni khabari na mazungumzo, na khasa ni maneno ya Mtume, na kwetu ni hizo pia na ni za Abunuwasi na sungura na fisi. Hakuna ubaya katika hayo, na lugha isiyofanya hivyo imekufa. Tena maana ile kongwe ya fitna hatukuipoteza. Tumeipa jina jingine. Waarabu husema pia mahana, kwa fedha iliyosafishwa motoni, na humo ndimo umetoka mtihani. Mtu akifiwa, au akipata mtoto mgonjwa asiyepona, tunamwambia, "Subiri, ni mtihani." Hiyo ndiyo fitna ya Qur'ani, tunaitamka kila siku na hatujui kwamba ndiyo. Khatari iko pale mtu anapoichukua nguo ya Kiswahili akaivisha aya, kisha akasema Mwenyezi Mungu ndivyo alivyoivaa.

Nilimweleza haya rafiki yangu mmoja, khatibu hodari kuliko mimi. Akanijibu mawili. La kwanza, kwamba wanavyuoni wamesema la kuzingatiwa ni upana wa tamko, wala si ufinyu wa sababu, basi aya iliyoteremka kwa ajili ya Makuraishi haiwi yao peke yao. La pili akaliuliza kwa tabasamu: "Watu wakiacha kusengenyana kwa kuiogopa aya hii, nani aliyedhurika?"

La kwanza ni kanuni ya kweli, lakini upana unaozungumzwa ni upana wa tamko la Kiarabu. Aya inamwingia kila mwenye kumtesa mtu kwa ajili ya haki yake, awe Makka au awe mtaa wa pili, karne ya kwanza au hii yetu. Inaweza hata kumwingia mpeleka maneno, ikiwa maneno yake yanamtoa mtu katika dini yake. Haiwezi kupanuka mpaka ikaingia maana ambayo Waswahili waliichagua wenyewe wakaipa neno hilo. Na ikiwa ni mpeleka maneno tunayemtaka, Mwenyezi Mungu na Mtume wake hawakutuacha mikono mitupu. Kuna namima, na mwenye kwenda nayo huku na huku ametajwa katika Suratul Qalam, aya ya 11. Kuna ghiba, ambayo Suratul Hujurat, aya ya 12, imeifananisha na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Kuna Hadithi ya makaburi mawili, Mtume akapita akasema wenyewe wanaadhibiwa, mmoja hakuwa akijikinga na mkojo wake, na mwingine alikuwa akitembea na namima. Akakipasua kikuti kibichi cha mtende akapanda nusu hapa na nusu pale. Ipo na kauli ya Mujahid kuhusu mkewe Abu Lahabi, kwamba kuchukua kuni kwake maana yake ni kupeleka maneno, kwa vile moto wa watu hauwaki bila ya mtu kuuletea kuni. Mwenye hazina yote hiyo ana haja gani ya kuazima aya isiyo yake?

Ama swali lake la pili, nani aliyedhurika, mimi namjua.

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita alikufa mtu katika mji wetu, akaacha mke, na binti wawili, na ndugu mmoja wa kiume, baba mmoja mama mmoja. Aliacha nyumba na shamba la minazi. Hesabu yake si ngumu, kijana wa chuo huipiga kwa Suratun Nisaa aya ya 11 na ya 12: mali ikigawanywa mafungu ishirini na nne, mke ni mafungu matatu, binti wawili kumi na sita, nane kwa nane, na yanayobaki, matano, ni ya ndugu. Lakini ndugu akaishika mali yote, nazi akaangua yeye na kodi ya chumba cha mbele akapokea yeye, akasema kugawa mapema kutaleta fitina katika ukoo. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Mjane akasema kwa mashemeji, akasema kwa wazee, kisha akasema kwa majirani, na hapo ndipo lilipoitwa baraza nyumbani, baada ya Isha, na mimi nikaalikwa niwe mwenye kusoma dua.

Mjane alizungumza nyuma ya pazia. Alianza kwa adabu, kisha sauti ikapanda. Shemeji akatugeukia akasema, "Mnamsikia? Mwanamke huyu anatutia fitina." Wazee wakanitazama mimi. Nami nikaisoma aya, kwa tajwidi, nikaifasiri kwa Kiswahili kama nilivyoifasiri kwanza katika ukurasa huu. Nyuma ya pazia pakawa kimya. Tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa, na kila mtu akanipa mkono kwa kuwa nimeumaliza ugomvi.

Swali la yule msichana lilinirudisha katika baraza ile. Nikaanza kuuliza upya: usiku ule fitna ilikuwa kwa nani? Kwa aliyekuwa akidai mafungu yaliyotajwa katika Kitabu, au kwa mwenye mafungu matano aliyeshika ishirini na manne na akataka mwenziwe aache kusema? Nikaikumbuka Hadithi ya Muadh bin Jabal (R.A.), aliyewasalisha watu akawarefushia mno, mtu mmoja aliyekuwa na kazi yake akajitenga akasali peke yake, na Muadh akamwita mnafiki. Mtume (S.A.W.) alipoletewa khabari alimuuliza Muadh, mara tatu, kama yeye ni fattani, mwenye kuwafatini watu. Zingatia aliyeulizwa. Mtu wa mtaani aliyeondoka safuni hakulaumiwa. Aliyeulizwa ni imamu, msomi, aliyeifanya Qur'ani yenyewe kuwa mzigo wa kumkimbiza mtu.

Nikamwendea yule mama. Amekwisha kuwa mtu mzima sana, anaishi kwa bintiye mkubwa. Shamba lilikwisha kuuzwa zamani. Nikamweleza kwamba aya ile niliisoma sipo, nikamweleza na maana yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi Kiarabu sikijui, Maalim. Usiku ule nilidhani ni Mungu aliyeniambia ninyamaze." Nikamtaka radhi. Akasema, "Langu nimekusamehe. La wanangu kawaulize wenyewe." Alisema kweli kwa sharia na kwa akili, kwani mafungu kumi na sita hayakuwa yake ya kuyasamehe.

Binti mkubwa aliniambia yamepita. Yule mdogo alikuwa na masharti. Akasema radhi atanipa, lakini kwanza niyaseme maneno haya pale pale nilipoyasema yale, wakati ule ule, na watu wawepo.

Basi nilikwenda, baada ya Isha. Shemeji alikuwa amekwisha kufa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nyumba wanakaa wanawe. Wazee wa baraza ile ya kwanza walikuwa wamebaki wawili. Nikaisoma aya ya 191, nikaisoma na ya 217, nikaeleza kisa cha Nakhla na mgongo wa Khabbab, nikasema kwamba mwenye kuteteewa na aya ile usiku ule alikuwa nyuma ya pazia, na mimi niliisoma juu yake. Hapana aliyesema kitu. Kisha mwana mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akaniuliza mbele ya watu fungu la baba yake lilikuwa ngapi katika ishirini na nne.

Nikamwambia, "Matano."